Ombi la Kubomolewa kwa Mteremko wa Mama Mkwe

Persio Lluberes,
Nyumba ya bluu, mkabala na duka la Fremio,
Mtaa wa Villa Carambola, Baní.

Kwa Bi Miledys Pimentel,
Mwenyekiti wa Kamati ya Wakazi.

YAH: MTEREMKO WA SARUJI MLANGONI KWA DOÑA TOMASINA, NA MADHARA ULIYONILETEA

Bi Mwenyekiti mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima, umeme upo, na mumeo ameacha kupiga tarumbeta asubuhi. Mimi ni mzima sana. Malalamiko yangu yanaanzia hapo hapo.

Unanifahamu, lakini kwa kuwa barua hii huenda ikasomwa mbele ya kamati, na katika kamati yetu wamo watu wanaosahau hata kilichowaleta kikaoni, naomba nijieleze. Mimi ndiye yule niliyepanda juu ya paa kuchungulia kama maji yameingia kwenye tangi. Yalikuwa yameingia. Kwa furaha nikarudi nyuma kidogo ili nimtangazie mke wangu, Nurys, na paa likaisha. Uti wa mgongo ulivunjika usawa wa kifua, na tangu hapo kila kilicho chini ya chuchu hakinisikii wala mimi sikisikii. Mikono ni mizima. Mdomo haukupata hata mchubuko.

Sina ugomvi na kiti changu cha magurudumu. Kule hospitali, mji mkuu, dada mmoja wa mazoezi anayeitwa Ivelisse alinifundisha kukiendesha, kujihamisha kutoka kitini kwenda kitandani, kuvaa suruali nikiwa nimelala, na hata kuanguka kwa heshima. Siku ya kwanza alinitazama akasema, "Baba Persio, mikono unayo, na mdomo unao wa kutosha watu wawili. Tuanze na mikono. Mdomo uupe likizo."

Nilirudi nyumbani. Nililia miezi ya mwanzo, sikatai, na nililia sawasawa, kwa sababu miguu niliipenda. Kisha machozi yakakauka na nikagundua kwamba mambo si mabaya. Niseme ukweli, Bi Mwenyekiti, yalikuwa mazuri mno. Hapo ndipo kamati yako ilipoleta mifuko ya saruji.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Jumapili zangu zimeporwa.

Mama mkwe wangu, Doña Tomasina, anaishi ng'ambo ya barabara, mkabala na sisi. Mlangoni kwake palikuwa na ngazi tatu. Zilikuwa ngazi nzuri, zenye umri, hazikumkosea mtu. Kila Jumapili Nurys alijipamba kwenda kula kwa mama yake, akasimama mlangoni akauliza, "Leo utajaribu, mume wangu?" Nami nilizitazama zile ngazi kwa huzuni iliyopimwa, si nyingi si kidogo, nikajibu, "Ningependa, mke wangu. Lakini ngazi."

Yeye akaenda. Mimi nikabaki na feni, kahawa, na mpira wa besiboli redioni. Alasiri nikaletewa sahani iliyofunikwa kwa sahani nyingine, na ndani yake sancocho, ule mchuzi wa Doña Tomasina wa nyama saba na mihogo, bila kulazimika kusikiliza habari za nyongo ya shangazi yake Nurys. Nieleze, ni ndoa gani duniani iliyowahi kupata mpango kama huo?

Sasa shemeji yangu Wascar, mdogo wake Nurys, ni fundi mwashi. Mtaa mzima unamjua kama mtu asiyemaliza kazi. Bafu letu alilianza kabla sijaanguka, na mpaka leo lina ukuta mmoja na ahadi tatu. Lakini kamati ilipompa saruji ajenge mteremko wa kiti changu mlangoni kwa mama yake, mtu huyu alimaliza Jumamosi moja! Alimpigia simu Ivelisse kuuliza vipimo. Matokeo yake mteremko hauna ukali hata kidogo. Unaondoka barabarani polepole, unazunguka mwembe mdogo, unapita chini ya dirisha la jikoni na kufika mlangoni kama mgeni asiye na haraka. Umewekwa na mkono wa chuma wa kushikilia. Hauna kasoro. Nimeitafuta.

"Shemeji, usihuzunike tena," aliniambia huku akijifuta jasho. "Nimekutengenezea barabara kuu."

Machozi yalinitoka. Wakazi walipiga makofi. Bi Mwenyekiti, wewe mwenyewe ulipiga makofi. Yale hayakuwa machozi ya shukrani.

2. Nimefanyishwa kazi.

Jumapili ya kwanza nilipanda nikitegemea angalau kuketi kwenye kona na kuonewa huruma. Sijafika hata mezani, Doña Tomasina akaniwekea beseni la ndizi mbichi na kisu.

"Menya."

"Mama, mimi..."

"Kilichovunjika ni mgongo. Ndizi zinamenywa kwa mgongo siku hizi?"

Nikamenya. Wiki iliyofuata akamwagiza Wascar ashushe jiko letu lifike usawa wa kiti changu, na kwa mara ya pili katika maisha yake Wascar akamaliza kazi. Sasa ninapika wali kila siku. Nilipojaribu kubeba sufuria ya moto mapajani, yule mama alinipiga kofi la mkononi kabla haijatua. "Mapaja yako hayasikii lakini yanaungua! Unataka kidonda cha miezi sita kwa ajili ya wali?" Akanipa ubao wake wa kushonea, wenye kingo, niuweke mapajani nibebee vyombo. Kwa hiyo udhuru huo nao ukafa.

Isitoshe, imegundulika kwamba ukoko wangu ni mzuri kuliko wa mtu yeyote mtaani. Unatoka mzima, wa rangi ya asali, unavunjika kwa sauti. Watu wanakuja na sahani zao. Kuna mama mmoja anatoka mtaa wa tatu, hata hanisalimii, ananyoosha sahani tu.

3. Huruma yangu imekatwa bila taarifa.

Kabla ya mteremko nilikuwa bingwa wa dhumna katika baraza ya duka la Fremio. Nilishinda asubuhi, nilishinda jioni. Nilidhani ajali imenifungua akili.

Kisha siku moja wachezaji wakaniona nikipanda kwa Doña Tomasina na sufuria ya wali juu ya ubao, nikiimba. Jioni ile Fremio alibamiza sita-sita mezani mpaka chupa zikaruka, akasema, "Samahani, ndugu yangu. Mtu anayepanda mlima huku akiimba hahitaji kuachiwa mchezo."

"Mlikuwa mnaniachia?"

Wote wakatazama kete zao.

Nimefungwa michezo yote tangu siku ile. Imebainika kwamba sijui kucheza dhumna. Inaelekea sijawahi kujua, hata nilipokuwa na miguu. Hili ni jambo ambalo mtu mzima ana haki ya kufichwa mpaka kaburini, na kamati yako imelifichua.

4. Mteremko una pande mbili.

Naomba wajumbe wasinzie kwingine, hapa wasikilize.

Siku zote nilidhani zile ngazi tatu zinanizuia mimi nisiingie. Hakuna aliyefikiri kwamba zilikuwa zinamzuia Doña Tomasina asitoke. Magoti yake ni mabovu. Tangu alipomzika mumewe hakuwa ameshuka ngazi zile. Sokoni alitumwa mtu, kanisa alilisikiliza redioni, na ulimwengu aliuona kupitia dirisha la jikoni. Sisi tulisema, "Mama hapendi kutoka." Hakuna aliyemuuliza.

Asubuhi ya Jumatatu moja, saruji ilipokwisha kukauka, nilikuwa barazani kwangu na kahawa. Mlango wa ng'ambo ukafunguka. Akatoka amevaa aproni, mwiko mkononi, mkono mwingine kwenye chuma. Akashuka polepole, akazunguka mwembe, akafika chini. Akakanyaga barabara kwanza kwa kidole, kama anayepima maji ya kuoga. Kisha akavuka moja kwa moja, akasimama mbele yangu akitweta na kucheka kwa wakati mmoja.

"Kumbe hapa ndipo unapojificha!"

Bi Mwenyekiti, tangu siku hiyo hajarudi ndani isipokuwa kulala.

5. Kifuniko cha sufuria.

Ivelisse alinielekeza kwamba kila baada ya nusu saa nijisukume kwa mikono niinue makalio kitini, damu ipite, nisipate vidonda vya kukaa. Nilikuwa nikifanya nikikumbuka, na sikuwa mtu wa kukumbuka. Kila usiku Nurys hunikagua ngozi, na siku moja akaona wekundu pale nisipopaona. Akamwambia mama yake. Huwezi kumwambia mama yake kitu.

Sasa kila nusu saa Doña Tomasina anasimama juu ya mteremko wake na kupiga kifuniko cha sufuria kwa mwiko. "Persio! Juu!" Sauti inafika mpaka kwenye uwanja wa besiboli. Mimi najiinua. Tatizo ni kwamba sasa wote wanajiinua. Wachezaji wa dhumna wanajiinua, Fremio anajiinua juu ya gunia la mchele, na koplo wa polisi anajiinua juu ya pikipiki. Kwa kinyozi, mteja alijiinua wembe ukiwa shingoni, na sikio lake ndilo lililolipa. Kinyozi ananidai msamaha mimi, ambaye wala sikuwepo.

La kutia aibu zaidi lilitokea kwenye msiba wa marehemu Don Apolinar. Tumeketi, rozari inasomwa, jeneza lipo katikati. Kifuniko kikalia. Waombolezaji wote, wanaume kwa wanawake, wakainuka nusu vitini kwa pamoja, wakatulia hewani wakihesabu polepole, wakaketi. Mjane aligeuka kwa hofu akalitazama jeneza, akauliza, "Amefanya nini?"

Sikatai kwamba wekundu ulipotea na haujarudi. Hilo si hoja.

6. (Hapa palikuwa na lalamiko kuhusu ratiba yangu ya choo, na jinsi inavyotangazwa. Nurys amelifuta. Amesema yaliyobaki yanatosha kutuhamisha mtaa.)

7. Fainali ya dhumna.

Baada ya aibu ya namba tatu nilijifunza. Nilicheza na Nurys, nikacheza na Wascar, nikacheza peke yangu nikajifunga. Nilijifunza kuhesabu kete zilizolala na kusoma nyuso. Ilipofika sikukuu ya mtaa, Fremio akanichagua kuwa mwenzake dhidi ya mtaa wa Las Yayas, na hakunichagua kwa huruma. "Sasa unacheza," alisema. Sijaambiwa neno zuri kama hilo tangu siku ya harusi.

Tulifika fainali. Meza iliwekwa katikati ya barabara. Katika raundi ya mwisho kichwa kilianza kunigonga. Jasho likanimwagika usoni, vinyweleo vya mikono vikasimama, pua ikaziba. Nilijua ni nini. Ivelisse alinikaririsha mpaka nikachoka: huko chini kuna kitu kimebanwa, mwili unapiga kelele, na kwa kuwa kelele haiwezi kupita kwenye mgongo, shinikizo la damu linapanda badala yake. Linaweza kumuua mtu. Linataka kushughulikiwa sasa hivi.

Nilizitazama kete zangu. Zilikuwa mbili, na zote mbili zilikuwa za ushindi.

"Vipi, Persio?" Fremio aliuliza. "Umekuwa mwekundu."

"Ni joto. Cheza."

Fremio alicheza. Yule wa Las Yayas akaanza kufikiri, na huwa anafikiri kama anayejenga kanisa. Macho yangu yakaanza kuona nyota mchana. Ng'ambo ya barabara Doña Tomasina alikuwa amekaa kileleni mwa mteremko wake akitupa macho, si kwenye meza, kwangu. Nilimsikia kabla sijamwona. Mama wa magoti mabovu alishuka ule mteremko akikimbia, Bi Mwenyekiti. Akikimbia! Wascar anasema aproni ilipepea.

"Ondokeni! Mpisheni! Nurys, mkanda wake!"

Akanikalisha wima, Nurys akafungua mkanda, na yule mama akapiga magoti yale yale chini barabarani, mbele ya mitaa miwili, akapitisha mkono kwenye suruali yangu akifuata mpira wa mkojo mpaka alipoukuta umekunjika chini ya paja. Akaunyoosha. Mkojo ukapita. Kichwa kikaanza kushuka, kidogo kidogo, kama redio inayopunguzwa sauti.

Alinifuta uso kwa aproni. Akaniambia taratibu, nadhani mimi tu nilisikia, "Mume nimeshazika, mwanangu. Wewe sikuziki kwa ajili ya dhumna."

Sasa lalamiko lenyewe: alipopita, kiwiko chake kilipiga meza. Kete zangu mbili za ushindi zilianguka chali, zikaonekana na kila mtu. Las Yayas wakadai mchezo, mwamuzi akawapa. Kombe liko kwao mpaka leo, wanawekea maua ya plastiki. Kama mteremko usingekuwepo, yule mama asingefika kwa wakati, na mimi ningekuwa nimeshamaliza mchezo. Wapo waliosema kwamba ningekuwa nimemaliza mengine pia. Daktari naye alisema maneno fulani, ambayo siyaandiki hapa kwa kuwa yanadhoofisha hoja yangu.

8. Siwezi tena kumsengenya.

Hii ndiyo hasara kubwa kuliko zote. Nilikuwa na miaka mingi ya masengenyo mazuri juu ya mama mkwe wangu, nimeyatunza, nimeyanoa. Wanaume wa barazani walikuwa wakiniomba niyarudie. Juzi Fremio alinichokoza: "Haya, tupe ya Tomasina." Nikafungua mdomo. Nikajikuta nasema kwamba sancocho lake linahitaji muda zaidi motoni, basi, na hata hilo niliona nimemkosea. Mtu akishapiga magoti barabarani kwa ajili yako, anakuharibia starehe yote.

Kwa hiyo, Bi Mwenyekiti, kwa unyenyekevu mkubwa naiomba kamati:

(a) Mteremko ubomolewe wote, pamoja na chuma chake.
(b) Ngazi tatu zirudishwe. Saruji ikibaki, ziwe tano.
(c) Kifuniko cha sufuria kikabidhiwe kanisani, padri akitumie apendavyo.
(d) Nipewe cheti chenye muhuri kinachonitambua kuwa mtu wa kusikitikiwa, kitakachokubalika katika meza zote za dhumna isipokuwa ya Fremio, kwa kuwa Fremio nataka nimfunge mwenyewe.
(e) Kamati imwombe Wascar arudi kwenye tabia yake ya zamani ya kutomaliza kazi, maana ameahidi kuanza mteremko wa pili kanisani, na huko nilikuwa nimebakiwa na udhuru wa mwisho.

Nisalimie mumeo na tarumbeta lake. Nisalimie wajumbe wote, walioamka na waliolala. Mjane wa Don Apolinar mwambie tunamkumbuka na tunaomba radhi. Mwenye sikio, mwambie ukoko wake upo, aje na sahani. Ivelisse akipiga simu kuuliza habari zangu, mwambie bado nakaa kitini, ila sikai kimya.

Wako mtiifu, mwenye kuonewa,

Persio Lluberes

N.B. Mvua ya juzi imemega ukingo wa mteremko pale unapopinda, kipande cha upana wa kiganja. Wascar yuko Higüey kwenye kazi, na jambo kama lile halisubiri mtu, gurudumu linaweza kuingia na mama anaweza kuteguka. Kwa hiyo leo asubuhi nimechanganya saruji mwenyewe kwenye beseni la ndizi, Doña Tomasina akimimina maji na kunitukana kwamba nimezidisha mchanga, tukaziba, tukapiga mwiko, tukaona ni pazuri kuliko alivyofanya Wascar. Wabomoaji wako wakija kabla haijakauka, tafadhali waambie wapite pembeni. Wakija baada ya kukauka, waambie wapitie kwangu kwanza, na waje wengi.